Wasiwasi wangu usimwingie mwanangu: jibu kwa mama wa Likoni

SWALI

Mama mmoja wa Likoni, Mombasa, anauliza: "Nina miaka 31. Tangu niko shule ya msingi mimi ni mtu wa wasiwasi. Moyo hunienda mbio, usiku nawaza mambo ambayo hayajatokea, na mume akichelewa nusu saa mimi nshamzika. Binti yangu ana miaka minne na nusu, ameingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Wiki ya pili sasa tangu shule zifunguliwe, ananing'ang'ania nguo mlangoni pa darasa. Kabla sijaenda kazini mjini huniuliza 'Mama, utarudi?' hata mara kumi, na halali bila kunishika mkono. Jumamosi tukivuka feri kwenda kwa mamangu Majengo, mimi mwenyewe naogopa yale maji, basi humfunika kichwa kwa leso asione. Mavyaa, ambaye hukaa naye mchana, asema damu ni damu, atatoka kama mimi. Je, ni kweli? Naweza kuuzuia wasiwasi huu kabla haujamkaa?"

JIBU

Dada, mavyaa ana nusu ya ukweli, na ile nusu iliyobaki ndiyo yenye faida kwako. Wasiwasi hutembea katika familia. Mtoto wa mzazi mwenye wasiwasi huupata kwa urahisi zaidi kuliko mtoto wa jirani. Kuna watoto wanaozaliwa wepesi wa kushtuka: mgeni akiingia hujificha nyuma ya mama, sauti ya ghafla huwaliza, mahali papya huwachukua siku nyingi kupazoea. Huo wepesi ndio unaopita katika damu. Ugonjwa wenyewe wa wasiwasi hujengwa juu yake, siku baada ya siku, na sehemu kubwa ya matofali yake hutoka nyumbani.

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Thalia Eley wa King's College London walichapisha uchunguzi wa familia za mapacha wa Uswidi. Mama akiwa na pacha wa kufanana naye kabisa, mtoto wake huwa na urithi wa damu sawasawa kutoka kwa mama na kwa yule mama mdogo. Kwa hivyo, kama wasiwasi ungekuwa wa damu pekee, mtoto angemfuata mama mdogo kama anavyomfuata mamake. Haikuwa hivyo. Watoto wale, waliokuwa matineja, walimfuata mzazi waliyeishi naye nyumba moja. Mwaka huohuo Golda Ginsburg wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, alitoa matokeo ya familia 136. Kila moja ilikuwa na mzazi mwenye ugonjwa wa wasiwasi na mtoto wa miaka 6 hadi 13 ambaye bado hajaugua. Baadhi yao walifundishwa pamoja, mzazi na mtoto, kwa vikao vinane vya kila juma. Mwaka mmoja baadaye, karibu thuluthi ya watoto wa familia ambazo hazikufundishwa walikuwa wameugua. Kati ya waliofundishwa, hakufika hata mmoja kwa kumi. Na kwa watoto wa umri wa binti yako, Ron Rapee wa Chuo Kikuu cha Macquarie kule Sydney alionyesha mwaka 2005 kwamba vikao sita na wazazi peke yao vilitosha kupunguza idadi ya watoto waoga waliougua wasiwasi mwaka uliofuata.

Basi ndiyo, unaweza kuuzuia, wala huhitaji kupona wewe kwanza. Wazazi katika uchunguzi wa Ginsburg walikuwa na wasiwasi walipoanza, na wengi wao huenda waliendelea kuwa nao. Kazi iliyopo ni kuzijua njia ambazo wasiwasi wako humfikia mtoto, kisha kuziziba moja moja.

Njia ya kwanza ni uso wako. Mtoto husoma uso wa mama kabla hajajua kusoma kitu kingine. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo ambayo, katikati, ilionekana kama ina shimo la kina cha sentimita 30 hivi. Mama alikaa upande wa pili. Mama walipotabasamu, watoto 14 kati ya 19 walitambaa wakavuka. Mama walipofanya uso wa hofu, kati ya watoto 17 hakuvuka hata mmoja. Kioo kilikuwa kilekile. Mwaka 2002 Friederike Gerull na huyohuyo Rapee waliwaonyesha watoto wa miezi 15 hadi 20 nyoka na buibui wa mpira. Mama alipokiangalia kitu kwa uso wa kuchukia, mtoto alikikwepa, na dakika kumi baadaye, mama hata hana habari nacho, mtoto bado alikikwepa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Watoto hawa hawakuumwa na chochote. Mara moja ya kumwona mama akichukia ilitosha.

Sasa turudi kwenye leso. Wewe unamfunika binti yako ili asiogope maji. Lakini yeye, ndani ya ile leso, ameona giza, amesikia moyo wa mamake ukimdunda sikioni, na mkono umembana kuliko siku zote. Anachojifunza ni kwamba nje ya kitambaa hiki kuna jambo baya kiasi kwamba mama hawezi hata kuniruhusu nilione. Kisha feri inafika salama, na mtoto anaishukuru leso. Hajapata nafasi ya kujua kwamba feri ilivuka kama inavyovuka mara nyingi kila siku. Jumamosi ijayo ataitaka leso mwenyewe, na siku utakayoisahau nyumbani, hatavuka.

Hofu yako haikutoka hewani, na hakuna haja ya kukuambia eti hakuna la kuogopa. Mtu wa Likoni au Mtongwe anaijua tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka na kuua watu zaidi ya 270. Kumfundisha mtoto tahadhari ni wajibu wako. Ila tahadhari na wasiwasi vina alama ya kuvitofautisha: tahadhari hukuambia ufanye nini, na ukishafanya, hunyamaza. Wasiwasi hukuambia kuna hatari, haukupi kazi, na haunyamazi. Kwenye feri tahadhari ni mambo matatu: tunashikana mikono kushuka na kupanda, tunasimama ndani mbali na magari na ukingo, na hatusogei mpaka mlango uwe umeshateremka chini kabisa. Yaseme mara moja kabla ya kuanza kushuka ule mteremko, kwa sauti ya kawaida, kisha yafanye. Baada ya hapo maneno ya maji yamekwisha.

Anza na mwili wako, na anza nyumbani. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu polepole hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6. Mara kumi ni kama dakika moja na nusu. Fanya hivyo asubuhi na usiku, siku ambazo umetulia, kwa wiki mbili kabla ya kuitegemea mahali pa hofu. Wengi hukosea hapa: hawajawahi kujaribu mpaka siku wamebanwa, kisha huvuta pumzi kubwa kubwa kama aliyekimbia, wanapata kizunguzungu na ganzi za vidole, na wanasema mbinu hii haifai. Pumzi isiwe kubwa. Kinachotuliza ni ile ya kutoka kuwa ndefu kuliko ya kuingia. Pamoja nayo, teremsha mabega na ulegeze kidogo mkono uliomshika mtoto, maana huo mkono ndio redio yake.

Una bahati moja ambayo wengi hawana: unavuka kwenda kazini na kurudi siku tano za wiki, yaani una mazoezi kumi ya feri bila mtoto. Yatumie. Wiki ya kwanza simama pale unaposimama siku zote, ila usifunge macho wala usijifiche kwenye simu. Wiki ya pili sogea mahali unapoyaona maji. Wiki ya tatu yatazame kuanzia feri inaponguruma kuondoka hadi inapogusa upande wa pili. Hofu itapanda, itasimama, kisha itateremka yenyewe ukiiacha. Ukiikimbia ikiwa juu, mwili unakumbuka ile juu tu.

Je, umfiche mtoto kwamba una hofu? Hapana. Mtoto akiona mikono inatetemeka huku mama anasema "Mimi sina kitu", anachanganyikiwa kuliko kuogopa. Mwambie kwa sentensi mbili au tatu fupi: jina la hisia, unachofanya, kisha ulimwengu uendelee. "Moyo wa mama umeenda mbio kidogo. Napumua polepole. Haya, hebu hesabu yale malori." Asichopaswa kusikia ni hadithi iliyo ndani ya wasiwasi wako: feri itazama, baba amegongwa na bodaboda, kodi ya nyumba haijalipwa. Hiyo mpelekee mtu mzima mwenzako, na si kwa simu mtoto akiwa kifuani. Na kama unakunywa kahawa tungu vikombe vingi jioni, punguza mwezi huu. Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa) huongeza mapigo ya moyo, na mwenye wasiwasi huyasoma mapigo hayo kama habari mbaya.

Njia ya pili ni ulimi. "Angalia utaanguka! Shuka utaumia! Usiguse!" Kila moja peke yake haina ubaya. Hamsini kwa siku ni somo kamili kwamba dunia ina meno. Tia punje ishirini za kunde mfuko wa kushoto. Kila ukisema neno la kutisha, hamisha moja kwenda mfuko wa kulia. Fanya hivyo siku tatu bila kujaribu kubadilika, ujue tu idadi. Kisha anza kubadilisha: mahali pa onyo weka maelekezo. Badala ya "Utaanguka!", sema "Shika huo ukuta" au "Mguu hapa kwanza". Onyo humwambia atakachopata, maelekezo humwambia atakachofanya. Na kabla ya kumkimbilia pale anapopanda kitu kilicho chini ya kiuno chako, hesabu hadi kumi kimoyomoyo. Akiteleza akaumia goti, uso wako uwe wa "Pole, umejikwaruza, twende tukaoshe", kabla hajaamua ni jambo kubwa kiasi gani. Kwenye moto, maji ya kina, dawa na barabara usihesabu kitu, huko mkimbilie.

Hapa ndipo lazima tumzungumzie mavyaa, kwa heshima zake zote. Watoto wengi wa pwani hunyamazishwa kwa zimwi, kwa polisi, na kwa daktari atakayekudunga sindano. Hunyamaza kweli, ndiyo maana desturi hii haifi. Kwa mtoto mwepesi wa kushtuka malipo huja usiku, na huja siku ya chanjo, anapomwona muuguzi akapiga mayowe kabla hajaguswa. Neno jingine baya kuliko hayo ni "huyu muoga kama mamake" likisemwa akiwa anasikia. Mtoto wa miaka minne hujenga nafsi yake kwa maneno anayoyasikia juu yake. Na kama kuna atakayesema ana jini, kusomewa Kurani au kuombewa kwa upole, akiwa kwenye mapaja ya mtu anayempenda, hakumdhuru. Kumwambia mtoto kwamba ndani yake mna kitu kunamdhuru, na mimi hilo nalipinga kabisa.

Usimsahihishe mavyaa mbele ya mtoto, wala usimtume mumeo peke yake kama anayepeleka mashtaka. Mkae mumkabidhi kazi. "Mama, naomba unisaidie. Huyu mtoto ana hofu nyingi na nimeambiwa anahitaji maneno ya aina moja kutoka kwetu sote. Akilia kunitafuta, mwambie: najua umemkumbuka mamako, atarudi baada ya alasiri, njoo tuchambue mchicha." Ajuza aliyelea watoto akipewa jukumu hulishika kuliko wewe. Akipewa lawama, atamtishia mtoto kwa zimwi kama zamani, ila ukiwa umetoka.

Njia ya tatu ndiyo ngumu kwako, kwa sababu inafanana sana na mapenzi. Ni kumwokoa. Kujibu "Nitarudi" mara ya kumi ni kumwokoa. Mkono wa usiku kucha, kumjibia akiulizwa jina na mgeni, kumruhusu abaki nyumbani kwa sababu amelia, yote ni kumwokoa. Kila uokozi humpa mtoto nafuu ya dakika tano na kumwachia imani ya muda mrefu: peke yangu siwezi. Eli Lebowitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walitengeneza tiba inayoshughulika na jambo hili tu. Matokeo waliyochapisha mwaka 2020, kwa watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 waliokuwa tayari na ugonjwa wa wasiwasi, yalionyesha kwamba vikao 12 na wazazi, bila mtoto kuonana na mtaalamu, vilisaidia sawa na kumtibu mtoto mwenyewe.

Chombo chao kikuu ni sentensi yenye pande mbili: "Najua ni vigumu kuachana asubuhi, na najua unaweza." Pande zote mbili zitoke kinywani. Upande wa kwanza peke yake humzamisha mtoto katika hofu yake. Wa pili peke yake ni "jikaze" tuliyoambiwa sote, na mtoto husikia kwamba hakuna aliyemwelewa. Maji ya kifuu bahari ya chungu: darasa la watoto thelathini kwako ni kifuu, kwake ni bahari, na anataka kujua kwamba umeliona hilo kabla hajakuamini unaposema ataogelea.

Sasa swali la "Utarudi?". Lijibu vizuri mara moja, na kwa saa anayoielewa. Saa tisa haina maana kwake. Mwambie, "Mtaimba, mtakula, utarudi nyumbani na bibi, utalala, na ukiamka, alasiri ikishaadhiniwa, mimi huyo naingia." Mara ya pili mrudishie: "Nilikwambia narudi lini?" Mwache aseme yeye, umsifu kwa kukumbuka. Mara ya tatu: "Swali hilo lina jibu tayari, na unalijua", mkumbatie, kisha endelea na kazi yako. Siku tatu hadi saba za kwanza maswali yataongezeka, na kilio kitapanda, kwa sababu mlango uliokuwa ukifunguka kwa kugongwa mara tano sasa anaugonga mara kumi na tano. Hapa ndipo wazazi wengi huvunjika. Ukikataa mara tisa ukajibu ya kumi, umemfundisha kwamba bei ni kumi. Kwa hivyo usianze wiki ambayo mume amesafiri au wewe mwenyewe unaumwa.

Mlangoni pa darasa, kuaga kusizidi dakika moja, na kuwe vilevile kila siku: kumbatio moja, sentensi ya pande mbili, kupigana viganja, basi. Ongea na mwalimu mapema ampokee kwa mkono na kumpa kazi ya papo hapo, kama kugawa vitabu. Mtoto mwenye kazi mkononi hulia kwa muda mfupi kuliko aliyeketishwa pembeni abembelezwe. Usitoroke akiwa anatazama kwingine. Kutoroka hukupunguzia wewe kilio cha leo, na kesho atakuangalia bila kupepesa, kwa sababu amejua mama ni kitu kinachopotea ghafla. Wala usirudi kuchungulia dirishani. Akikuona, saa yake inaanza upya. Jioni, ukijua utachelewa kwa foleni ya feri, piga simu nyumbani aambiwe.

Mazoezi ya kuachana yafanyike pia siku ambazo hazina shule. Mwache na bibi yake, mwambie unakwenda dukani, rudi baada ya dakika tano. Siku ya pili kumi na tano, kisha nusu saa, kisha saa nzima. Kila mara umeaga, kila mara umerudi ulivyosema.

Usiku ni rahisi kuliko unavyodhani, mradi usiukate mkono mara moja. Usiku tatu mkono wako uwe juu ya shuka, kando ya wake, bila kushikana. Usiku tatu kaa kwenye kiti au mkeka pembeni ya kitanda. Tatu zaidi, katikati ya chumba, kisha mlangoni. Mkiwa mnaishi chumba kimoja, pima kwa hatua badala ya milango: umbali wa mkono, kisha hatua mbili, kisha upande wa pili wa pazia. Dua ya kulala msome pamoja mara moja. Ikianza kudaiwa mara tatu, mara nne, ili "kisitokee kitu", imegeuka kuwa leso nyingine. Mtoto wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana, na aliyekosa usingizi huogopa zaidi kila kitu.

Feri iache ya mwisho, kwa sababu moja ya vitendo: ukishapanda huwezi kushuka katikati, na zoezi la kwanza lisiwe mahali ambapo mtoto akizidiwa hamna pa kurudi. Mjengee ngazi. Anza nyumbani na beseni la maji, kopo lililokatwa na punje za kunde kama abiria. Feri ivuke, ifike, watu washuke, mara nyingi. Kisha mwende ufukweni upande wenu, mkae mahali pa juu mnapoyaona mambo yote, muhesabu feri tatu zikienda na kurudi. Ni kama dakika ishirini. Baadaye msogee hadi karibu na wanapoingilia abiria, mrudi. Ndipo mvuke, asubuhi katikati watu wakiwa wachache, ukiwa umembeba, leso ikiwa mabegani mwako na si kichwani mwake. Safari nyingine atazame maji mkihesabu hadi kumi, nyingine hadi thelathini. Mwisho asimame kwa miguu yake akikushika mkono, na mwisho kabisa iwe jioni ya msongamano.

Mpe kipimo cha vidole: ngumi ni "siogopi", vidole vitano ni "naogopa sana sana". Panda ngazi inayofuata pale iliyopo inapoonyesha kidole kimoja au viwili, na si kabla ya kuirudia angalau mara tatu. Maliza zoezi hofu ikiwa imeshuka. Ukiondoka vidole vikiwa vitano umeipa hofu ushindi. Akizidiwa, rudi ngazi moja chini, usiteremke zote. Na mazoezi yawe karibu karibu, mara mbili au tatu kwa wiki. Zoezi la mara moja kwa mwezi kila mara huanza upya. Msifu kwa kitendo kinachoonekana, "Umetazama maji mpaka kumi!", kuliko "Wewe shujaa", ambalo siku akilia atajiona amelipoteza. Zawadi iwe ndogo na ya papo hapo: viazi vya karai upande wa pili, au yeye achague hadithi ya usiku.

Usishike mambo haya yote kwa wakati mmoja. Wiki mbili za mwanzo ni pumzi zako na kunde mfukoni, pamoja na kuaga kwa dakika moja kwa sababu shule haingoji. Wiki ya tatu shika swali la "Utarudi?". Usiku ufuate, na feri baada ya hapo.

Kulia mlangoni katika wiki za mwanzo za PP1 ni kawaida kabisa. Hofu ya kuachana ikipita wiki nne bila kulegea, au ikimzuia kula, kulala, kucheza ama kwenda shule, mpeleke akaonwe. Vivyo hivyo tumbo likimuuma kila asubuhi ya shule na kupona Jumamosi, hata ukishahakikisha hospitalini kwamba halina ugonjwa. Na kama nyumbani anazungumza kama kasuku lakini shuleni hafungui kinywa hata mwezi wa pili tangu aanze, usiambiwe ni aibu itaisha; hilo hutibika vizuri likishikwa mapema. Anzia kituo cha afya kilicho karibu, uombe kuelekezwa kwenye kliniki ya afya ya akili. Hospitali ya rufaa ya Coast General hupokea wagonjwa wanaoelekezwa. Namba 116 ya simu ya watoto hupigwa bure kote Kenya, na mzazi pia anaruhusiwa kuipiga.

Wewe mwenyewe, kama wasiwasi huu umekuwa nawe siku nyingi kuliko usizokuwa nao kwa miezi sita au zaidi, na unakunyima usingizi, huo ni ugonjwa wenye tiba. Mwombe daktari akupime kwanza damu na tezi la shingo, kwa sababu upungufu wa damu na tezi linalofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio uleule. Kisha ulizia tiba ya mazungumzo inayofanya kazi na mawazo na matendo, si ushauri wa "usiwaze sana". Ukipewa vidonge, usiviache ghafla kwa sababu umejisikia nafuu, mrudie aliyekupa. Na ikitokea siku mawazo yakakuambia ni afadhali usiwepo, usingoje kliniki. Siku hiyohiyo mwambie mumeo au mamako, na mwende hospitali.

Utakapoona amezoea, kumbuka likizo. Baada ya Aprili, Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka, mtoto aliyekuwa akiingia darasani akicheka anaweza kukushika nguo tena kama siku ya kwanza. Hajarudi nyuma, amekosa mazoezi tu. Siku tatu kabla ya shule kufunguliwa, rudieni zile safari za dukani za dakika tano, za kumi na tano na za nusu saa, na mpite nje ya lango la shule mara moja.